Mota ya leth inavuma bila kuzunguka, na ilishasukwa mara moja

kerezo_singida

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaozijua mota za fezi tatu, maana kila fundi niliyemwita hapa kanijibu neno lile lile na roho yangu haikubali.

Nina leth (mashine ya kukereza vyuma) ya zamani ya Kiingereza, Colchester. Niliinunua ikiwa imeshapita mikono mingi, lakini ni mashine ninayoipenda. Kitanda chake bado kizuri, gia zote zinaingia, na nikikereza shafti ya milimita 40 yenye urefu wa futi moja, tofauti ya mwanzo na mwisho haifiki sehemu tano za mia za milimita. Mota iliyopo si ile iliyotoka nayo kiwandani. Kibati chake kinasomeka hivi: 2.2 kW, 220/380 V, 8.7/5.0 A, mizunguko 1420, 50 Hz. Umeme wake pia ulibadilishwa na mwenye mashine aliyenitangulia. Kuna boksi la chuma ukutani lenye kontakta mbili (swichi za mota zinazovutwa na sumaku), moja ya mbele na moja ya kurudi nyuma, na ovaloodi moja chini yake ya kukata umeme mota ikizidiwa.

Kazi yangu kubwa ni shafti na bushi za mashine za kukamua alizeti. Shafti zinakuja zimeshajazwa weldingi, mimi nazirudisha saizi na kukata thredi za mwishoni. Msimu umeshaanza, wenye vinu wanapanga foleni mlangoni, na mashine ndiyo imeamua kunisumbua sasa.

Iko hivi. Asubuhi mota inaamka vizuri. Nikifanya kazi saa moja au mbili, siku nyingine hata nusu saa, mlio unabadilika. Inaanza kunguruma kama gari lililopanda mlima kwa gia kubwa, nguvu inapungua, na nikiongeza kina cha kukata ovaloodi inaruka. Nikisubiri ipoe inawaka tena. Wakati mwingine nikiiamsha haizunguki kabisa, inavuma tu mmmm na kutetemeka. Nikiizungusha chaki kwa mkono kidogo inashika na kwenda. Juzi kijana wangu aliisukuma upande usio wenyewe, ikashika na kuzunguka kinyume, tukaogopa tukazima.

Fundi wa umeme alikuja, akagusa mota, akasema waindi (waya za shaba zilizosukwa ndani ya mota) imeungua, tuishushe ikasukwe, laki tatu na nusu. Kinachoniuma ni kwamba nilishaisuka miaka miwili iliyopita kwa tatizo hili hili. Ilikuwa inavuma, inapata moto, mwisho ikatoa moshi. Nikalipa, ikarudi nzima, na sasa tumerudi pale pale. Mota ya aina hii si ya kufa kila baada ya miaka miwili. Kuna kitu kinaila, nami nataka kukijua kabla sijatoa hela nyingine.

Fyuzi tatu za swichi kuu nimezipima, zote nzima. Mita ya kawaida ninayo, na kupima volti najua.

umeme_daima

Mkuu, mota ikishasukwa mara moja huwa hairudi kama ilivyokuwa kiwandani. Usipoteze muda wa msimu. Nunua mota mpya ya 2.2, au weka inveta (kifaa cha kielektroniki cha kuendesha mota) uachane na makontakta kabisa.

fundi_kilindini

Fundi wa Singida, salamu kutoka Mombasa. Mimi nimekaa na mashine za karakana za meli zaidi ya miaka ishirini. Mota yako usiiguse kwanza.

Yasome tena maneno yako mwenyewe. Umesema ukiizungusha chaki kwa mkono mota inashika, na mara moja ikashika kinyume. Hiyo ni mota ya fezi tatu inayolishwa fezi mbili. Fezi zote tatu zikifika, nguvu ya sumaku ndani ya mota inazunguka yenyewe na rota, yaani sehemu inayozunguka, inaifuata. Haihitaji kusukumwa wala haiwezi kukosea upande. Fezi moja ikipotea, ile nguvu inabaki kupiga mbele na nyuma mahali pamoja, na ndio huo mvumo unaousikia. Hapo rota haina upande wake, inachukua upande wowote iliopewa na mkono wako.

Fezi ikipotea mota ikiwa tayari inazunguka, haisimami. Inaendelea huku inanguruma, na zile fezi mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa tatu. Ampea za waya hizo mbili zinapanda mara 1.73 hivi. Mota yako ya ampea 5, ikiwa na mzigo wake kamili, itavuta karibu 8.7 kwa waya mbili na sifuri kwa wa tatu. Joto ndani ya waindi halipandi kwa kiasi hicho tu, linapanda kwa kipeo cha pili cha ampea, yaani karibu mara tatu. Waindi gani itavumilia hayo kwa msimu mzima?

Kwa hivyo neno si mota imekufa au haijafa. Neno ni fezi inapotelea wapi njiani. Inapita kwenye mita, swichi na fyuzi, kontakta, ovaloodi, waya wa kwenda mashineni, terminali za mota, kisha waya za ndani. Popote hapo panaweza kulegea.

Wewe una bahati moja kubwa: una kontakta mbili. Ukienda mbele au ukirudi nyuma, fyuzi ni zile zile, ovaloodi ile ile, waya wa mota ule ule na mota ile ile. Kinachobadilika ni kontakta na vijiwaya vyake tu. Basi fanya hivi. Toa mikanda ili mota izunguke peke yake. Iamshe mbele mara ishirini, kisha nyuma mara ishirini, na uhesabu inakosa mara ngapi kila upande. Kati ya kuamsha na kuamsha iache dakika nzima, maana kuamka kwenyewe kunaipa mota joto jingi. Ikivuma bila kuzunguka zima mara moja, usiingoje.

Mikanda usiisahau. Kama chaki yako ni ya kuskrubu kwenye spindo, kuiamsha ghafla kwenda nyuma kunaweza kuifungua ikakurukia, na chaki ile unaijua uzito wake.

Ukipata klampu mita (ya kubana waya na kusoma ampea), shika waya mmoja mmoja wa kwenda mota ukiwa mbele na ukiwa nyuma. Halafu zima swichi kuu, itie kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako na si kwa kijana, hakikisha kwa mita kwamba hakuna volti, kisha chomoa waya tatu za mota upime omu kati ya kila mbili. Tatu hizo zinatakiwa kulingana. Na uniambie ovaloodi imewekwa ampea ngapi. Kuna kidude cha kuzungusha kwa bisibisi, usoni kina namba.

msukaji_moro

Kaka, mimi niko Morogoro na nakula kwa kusuka mota. Nakuunga mkono: usiilete kwangu wala kwa mwingine mpaka umepima hayo uliyoambiwa.

Nina swali kuhusu ile mara ya kwanza ilipoungua. Fundi alipoifungua uliona waya za zamani? Zilikuwa nyeusi zote kuzunguka mota nzima, au kwa mafungu? Najua si rahisi kukumbuka. Mimi mteja akileta mota iliyoungua, kabla sijashika tindo namwita aje aangalie, kwa sababu waindi inaeleza yenyewe kilichoiua. Ikiwa nyeusi sawasawa kuzunguka kote, ilizidiwa mzigo au ilikosa hewa. Ikiwa imetoboka sehemu moja tu na kwingine kuzuri, insulesheni ilipasuka pale. Lakini mota iliyofungwa staa (ncha za waindi zote tatu zimekutana pamoja) ikiwa na mafungu mawili meusi, moja zima, mawili meusi, moja zima, imepangika hivyo kuzunguka kama kitenge, hiyo ilikosa fezi moja. Ingefungwa delta (kila waindi imeungwa na inayofuata kama pembetatu), ingekuwa kinyume chake, fungu moja jeusi na mawili mazima.

Na ukifungua boksi la terminali angalia vile vibati vya shaba. Kwa kibati cha 220/380 na umeme wetu wa 400, lazima iwe staa, yaani terminali tatu za upande mmoja zimeunganishwa pamoja kwa mstari, na waya tatu zinaingia upande wa pili. Nimeshaona mota zinatoka kusukwa na kufungwa delta kwa kutosoma kibati, haziishi wiki.

kerezo_singida

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, klampu mita ilibidi niiazime kwa jamaa anayefunga pampu za visima, naye alikuwa kijijini.

Mikanda nilitoa. Chaki yangu ni ya kufunga kwa pini, si ya kuskrubu, lakini nilitoa mikanda hata hivyo. Kijana alikuwa na daftari, mimi kwenye mkono wa mashine. Tuliamsha mbele mara ishirini, ikakosa mara nne. Mara mbili ilivuma bila kuzunguka, mara mbili ilizunguka lakini kwa ule mlio mzito. Tukarudi nyuma mara ishirini. Haikukosa hata moja. Tulipofika kumi na nane kijana aliacha kuandika akanitazama tu.

Ampea nikirudi nyuma: 2.6, 2.5, 2.6. Mbele ikiwa salama ni hizo hizo. Ikabidi nisubiri mpaka ikosee tena, nayo ilikosea kwenye kuamsha kwa sita. Waya wa kwanza 4.5. Wa tatu 4.4. Wa kati, sifuri. Nilifungua klampu nikaishika tena nikidhani sijaibana vizuri. Sifuri.

Omu kati ya waya za mota: 5.8, 5.8, 5.9. Vibati viko staa kama dada alivyoeleza.

Ovaloodi imewekwa 9. Hapa nina la kusema. Mota iliporudi kutoka kusukwa, wiki ya kwanza ovaloodi ilikuwa inaruka mara kwa mara. Aliyekuja kuifunga akachukua bisibisi akaipandisha, akaniambia ilikuwa imewekwa chini mno. Nami nikashukuru kwa kuwa kazi iliendelea. Sikusoma kibati. Miaka miwili nimesimama mbele ya boksi lile kila siku, na namba 5.0 iko kwenye mota hatua mbili tu kutoka hapo.

Dada wa Morogoro, swali lako limenikumbusha jambo. Waya za zamani nilizichukua nikidhani nitauza shaba, zikabaki chini ya benchi kwenye mfuko wa saruji. Nimeumwaga sakafuni leo mchana. Fundi alizikata kwa tindo, hakuzichoma, kwa hiyo rangi iko vile vile. Kuna mafungu 12. Manane ni meusi, vanishi imekauka na kubanduka kama magamba, ukikunja waya unakatika. Manne yana rangi ya asali, yanang'aa, yanakunjika kama waya mpya.

msukaji_moro

Manane na manne. Hiyo ni mota ya poo nne (ncha nne za sumaku) iliyofungwa staa na kukosa fezi, wala hakuna kingine. Haikufa kwa uzee, na kama aliyeisuka angekuonyesha mafungu yale siku ile ungetengeneza boksi kwa bei ya chakula cha wiki.

Omu zako ni nzuri, lakini omu hazionyeshi kama insulesheni imechoka. Tafuta mtu mwenye mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 apime kati ya waindi na mwili wa mota. Ikishuka chini ya megaomu 1 usiiwashe, ikaushwe kwanza. Ikiwa makumi, endelea na kazi.

fundi_kilindini

Sasa fungua kontakta ya mbele. Umeme uzimwe kama nilivyosema, kufuli na kupima. Toa kifuniko, vitoe vile vidaraja vinavyoshuka na kupanda, uvitazame vyote vitatu kwenye mwanga wa jua. Vikiwa na rangi ya kijivu na madoadoa meusi, hiyo ni hali ya kawaida, usivipige msasa wala tupa. Ile ni fedha iliyochanganywa, na weusi wake bado unapitisha umeme. Ukisugua unaondoa nyama yake. Unachotafuta ni kile kilichokwisha.

Angalia pia skrubu za waya. Ziguse kwa bisibisi kila moja, juu na chini.

kerezo_singida

Nimefungua. Nitaeleza nilichokiona jinsi kilivyo.

Kwanza boksi lenyewe. Tundu moja la waya upande wa juu halina kizibo, na nyigu wa udongo walijenga humo. Kiota kizima kimekaa juu ya kontakta ya mbele, saizi ya kidole gumba, na udongo wake umemwagikia ndani ya matundu ya skrubu. Vumbi la chuma limo pia, maana boksi liko mita moja na nusu kutoka kwenye jiwe la kunolea.

Skrubu za juu zote zimekaza. Za chini, ya kushoto imekaza, ya kulia imekaza, ya kati ilizunguka robo nzima bila nguvu. Waya wake ulifungwa wazi bila kichwa cha kubana, nyuzi kama tano zimekaa nje ya kibano. Mpira wa waya huo umekuwa mgumu kwa urefu wa kidole, rangi ya chai iliyoungua, ukiukunja unapasuka.

Vidaraja: viwili vina vidonge vyake vya kugusia, kijivu kama ulivyosema, vimeliwa kidogo. Cha kati upande mmoja hakina kidonge kabisa. Imebaki shaba tupu, nyekundu iliyoungua, na ukingoni kuna tone dogo limeyeyuka likaganda kama risasi ya kuchomea. Nikikibonyeza kwa kidole, vile viwili vinagusa na hiki kinabaki na nafasi ya unene wa karatasi. Kikikaa hivi kinagusa, kikikaa vile hakigusi. Ndiyo maana ilikuwa siku nzima inafanya kazi na siku nyingine haifanyi.

Kontakta ya nyuma nimeifungua pia kulinganisha. Vidonge vyote sita viko kama vipya.

Nina maswali mawili. Nikinunua kontakta mpya, ni ya ampea ngapi, maana dukani watanipa yoyote? La pili, kwa nini imeliwa hii ya mbele tu kiasi hiki? Nisipolijua hili, baada ya miaka miwili nitakuwa naandika hapa tena.

umeme_daima

Nimejifunza, na ile kauli yangu ya kwanza naiondoa. Inveta bado ni wazo zuri siku za mbele, ila kumbuka nyingi za bei nafuu zinazoingia fezi moja zinatoa 220 ya fezi tatu, kwa hiyo mota hii itabidi ifungwe delta. Na usiweke kontakta ya kukatakata katikati ya inveta na mota, utaiua inveta.

fundi_kilindini

Niambie wewe kwanza: hizo thredi za shafti unazikataje? Skrubu ndefu ya mashine yako ni ya inchi au ya milimita?

kerezo_singida

Ni ya inchi, na wenye vinu wanataka thredi za milimita. Kwa hiyo siwezi kufungua nati ya skrubu ndefu katikati ya kazi, nikiifungua sirudi kwenye mfereji ule ule. Namaliza mkato, natoa ncha nje, narudisha mashine nyuma mpaka mwanzo, naingiza ncha, naenda mbele tena. Thredi moja ni mikato kumi na mbili mpaka kumi na tano.

fundi_kilindini

Ndipo hapo. Na kati ya mbele na nyuma, mnaingoja chaki isimame?

kerezo_singida

Hatungoji. Kijana ana haraka, anaupiga mkono moja kwa moja. Nami ndiye niliyemfundisha hivyo.

fundi_kilindini

Mota ikiamka kutoka kusimama inavuta kama mara sita ya ampea za kibati kwa muda mfupi. Ukiigeuza ikiwa bado inakimbia upande wa pili, inavuta zaidi ya hapo na kwa muda mrefu zaidi, maana ni lazima kwanza isimamishe chaki yote na shafti iliyomo, kisha iirushe upya. Kontakta ndiyo inayobeba hayo kwenye vidonge vyake, na cheche zake ni kubwa. Mikato kumi na tano ni mageuzi thelathini kwa thredi moja. Hesabu thredi za msimu. Ya nyuma hufanya kazi hiyo hiyo ya kugeuza, ila ya mbele hufanya na kazi nyingine zote za siku, tena ndiyo inayokatwa mota ikiwa na mzigo wa kukereza. Ongeza skrubu iliyolegea pale kati, joto lake linapanda hadi kwenye kidonge, na ndiyo maana cha kati kilitangulia kwisha.

Kontakta: kwa mota ya ampea 5 ya kawaida wangekupa ya 9 ikatosha. Wewe chukua ya 18, au 12 ikikosekana, na usome kwamba hiyo ampea imeandikwa kwa AC-3, daraja la mota. Ile namba kubwa zaidi iliyoandikwa AC-1 ni ya hita, haikuhusu. Angalia volti za koili yake (sumaku inayoivuta) zilingane na ya zamani. Ukiweza nunua mbili za aina moja pamoja na kile kifungo cha katikati kinachozizuia zisiingie zote kwa wakati mmoja, maana zikiingia zote unaunganisha fezi mbili uso kwa uso. Na ile njia ya waya inayopita kwenye kontakta ya pili kabla ya kufika koili ya kwanza, usiiruke hata kama mashine inawaka bila hiyo.

Ovaloodi tafuta ya 4 mpaka 6, uiweke 5.0. Chukua ile yenye kuhisi fezi iliyokosa, inaruka mapema zaidi fezi ikipotea. Ikiruka usiipandishe, tafuta inaruka kwa nini.

Kukata thredi huna budi kurudi nyuma, hilo halina njia. Lakini tumia mwendo wa chini kabisa wa spindo, chaki inasimama yenyewe mapema, na mkono ukae katikati mpaka jicho lione taya za chaki zimetulia.

kerezo_singida

Nawashukuru sana. Naandika matokeo ili atakayekuja na tatizo hili ayakute.

Jamaa yangu aliyekuwa Dar alipita madukani mtaa wa Gerezani akaniletea kontakta mbili za 18 na kifungo chake cha katikati, na ovaloodi ya 4 mpaka 6. Pamoja na vichwa vya kubania waya, haikufika nusu ya bei ya kusuka. Boksi nimelisafisha kwa brashi na hewa, matundu yote nimeyaziba, na nimelihamishia ukuta wa pili mbali na jiwe. Waya ulioungua nimeukata wote mpaka penye mpira laini.

Mega nilipimiwa na huyo huyo wa pampu: megaomu 38. Baada ya kufunga, mota ilizunguka kinyume mara ya kwanza kwa sababu nilibadilisha mpangilio wa waya, nikahamisha mbili, ikawa sawa.

Jana nimekereza shafti nne zilizojazwa weldingi, zile ngumu zinazogonga ncha kila mzunguko. Ampea kwenye mkato mzito: 4.6, 4.6, 4.5. Ovaloodi haijaruka. Mchana kutwa mota nilikuwa naiwekea kiganja, ina vuguvugu, naweza kukiacha hapo bila kukiondoa.

Kijana wangu nimemwita tukakaa mbele ya boksi, nikamwonyesha kidaraja cha kati na waya ulioungua. Mwezi uliopita nilimgombeza mbele ya wateja kwamba anaibebesha mashine mkato mkubwa mpaka inakata. Nimemwambia haikuwa yeye. Sasa anahesabu kwa sauti mpaka tatu kabla ya kurudisha mkono, hata nikiwa siko karibu namsikia.

fundi_kilindini

Vizuri sana. Baada ya wiki mbili za kazi zima tena, tia kufuli, uzipitie skrubu zote kwa bisibisi, za kontakta na za terminali za mota. Waya mpya ukishapata joto na kupoa mara kadhaa hujipanga ndani ya kibano, na skrubu iliyokuwa imekaza hukuta ina robo ya mzunguko. Ukizikaza safari hiyo, baadaye kila mwanzo wa msimu inatosha.